Siku Tulipopigia Kura Chuo cha Reli

Nyinyi mnaokuja kwangu hapa Bellevue Jumapili, mkakaa kwenye zulia langu na kula maandazi yangu, halafu nikiwauliza jambo kwa Kiswahili mnanijibu kwa Kizulu, leo wekeni simu chini kidogo. Juzi Salma aliniuliza, "Bibi, hivi kazi yako ilikuwa nini hasa? Mama anasema ulikuwa unapanga mechi." Nilicheka, maana hata marehemu mume wangu alikuwa akiwajibu watu hivyo hivyo. Kupanga mechi kulikuwemo. Ila kazi yenyewe ilikuwa kukaa katikati ya watu wa mpira na watu wa vitabu, na kuhakikisha hawatoani macho.

Nilikuwa katibu wa ofisi ya ligi ya vyuo vikuu. Wengi wenu mnadhani ligi ni uwanja, filimbi na makombe. Ligi yetu ilikuwa na jambo la pili ambalo watazamaji hawalioni. Vyuo vilivyocheza pamoja vilifanya pia utafiti pamoja. Palikuwa na mfuko mmoja wa utafiti, ukilishwa na wafadhili, na maprofesa wa vyuo wanachama waliutumia kuchunguza magoti, joto, chakula, usingizi, yote yanayomhusu mwanamichezo. Kwa hiyo chuo kipya kikibisha hodi, makocha waliuliza kikoje uwanjani. Maprofesa waliuliza kimeandika nini, kina maabara gani, jina lake linajulikana wapi. Mimi nilikaa kati ya maswali hayo mawili na chai yangu ikipoa.

Niliingia pale kwa bahati. Nilitoka Tanga nikimfuata mume wangu, fundi magari aliyekuwa na gereji Troyeville. Nyumbani nilikuwa mwalimu na mchezaji wa netiboli. Huku nikaanza kwa kupokea simu, na Kiingereza changu cha Tanga kiliwachekesha wapigaji hata wakasahau walichokuwa wamekasirikia. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mama Nomvula, mkuu wa ofisi, mwanamke wa Soweto aliyewahi kuwa kocha wa netiboli. Kicheko chake kilisikika mpaka kwenye lifti. Siku ya kwanza nilipomwandalia kikao, nilipanga karatasi vizuri mezani na chai nikaiweka mwisho. Akaja, akatazama, akatikisa kichwa.

"Eish, Mwanaidi. Unataka kuwauliza hawa watu jambo gumu wakiwa na njaa? Watakataa kila kitu. Wape chakula kwanza."

Tangu siku hiyo sikuwahi kuanza kikao na watu wenye njaa. Yapo mengine aliyonipa, na nawapa nyinyi bure. Ukipanga ratiba, mpigie simu dereva wa basi mwenyewe, usimwachie bosi wake. Tazama kalenda ya mitihani, tazama mwezi wa Ramadhani, uliza kama wenye teksi wana mgomo. Na kabla hujaandika jina la uwanja, mpigie mwenye kumwagilia nyasi. Tuliwahi kupeleka timu mbili za wasichana kwenye uwanja mmoja mzuri wa kaskazini, wakakuta mabomba yanarusha maji kila pembe. Walicheza hivyo hivyo. Mwamuzi alivaa mfuko wa plastiki kichwani.

Siku zile mabadiliko ya ratiba yalikwenda kwa faksi, na faksi zikipotea ilikuwa kosa la mashine. Sasa kuna WhatsApp, na kila kocha anaona alama mbili za buluu. Ujanja wote wa kusema "sikupata" umekufa. Makocha wa zamani wanaulilia mpaka leo.

Sasa niwaambie jinsi vyuo vilivyokuwa vikiingia. Kipindi fulani watu wa televisheni walitaka timu zaidi, ligi ikaamua kupanuka. Chuo cha kwanza kupokelewa kilikuwa cha mbali, na sitakitaja. Kilikuwa na jina kubwa kwa utafiti, maprofesa wetu walikishangilia kama bao la fainali. Mechi ya kwanza ya mpira wa miguu tukaenda kuwapokea. Golikipa wao alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa falsafa aliyekuwa akichunguza nyuki, miwani yake ameifunga kwa kamba nyuma ya kichwa. Kila alipofungwa alimfuata mfungaji akampa mkono na kumpongeza. Mashabiki walimpenda kuliko wachezaji wao wenyewe. Lakini timu yake ilifungwa kila wiki, na baada ya muda chuo kikaacha kuleta timu kabisa. Kilileta barua za kuomba radhi, zimeandikwa kwa lugha nzuri sana. Mfuko wa utafiti uliendelea kukipa fungu lake.

Mama Nomvula alizisoma barua hizo kwa sauti ofisini huku akicheka, lakini nilimjua. Alikuwa anaumia.

Ndipo kikaja Chuo cha Reli. Jina lake rasmi lilikuwa refu, hakuna aliyelitumia. Kilijengwa upande wa mashariki wa mji, ndani ya karakana za zamani za treni, na wanafunzi wake walikuwa watoto wa watu wa kazi: wa Hillbrow, wa Bertrams, wa vitongoji vya mashariki, na wengi wazazi wao walitoka Congo, Burundi, Zimbabwe, kwetu. Kocha wao wa riadha aliitwa Kabamba, mtu wa Lubumbashi. Mchana alikuwa fundi cherehani Troyeville, jioni kocha. Jezi za timu alizishona mwenyewe, na zilikaa mwilini kuliko za vyuo vyote vikubwa.

Alikuja ofisini amevaa suti ya rangi ya maziwa. Alipogundua najua Kiswahili, uso ulimfunguka.

"Mama, batoto yangu beko na mbio. Minaomba tu batufungulie mulango."

Nikamwambia, "Mlango huo una kufuli mbili, baba. Ya makocha itafunguka. Ya maprofesa sijui."

Mwenye kufuli ya pili alikuwa Profesa Pretorius, mwenyekiti wa kamati ya utafiti. Msimfanye mtu mbaya kichwani mwenu, maana hakuwa mbaya. Alikuwa mrefu, mwembamba, anatembea haraka kama aliyeacha jiko linawaka, na mimi alinisalimia kwa Kiswahili alichojifunza kwa ajili yangu: "Habari za asubuhi," hata kama ni saa tisa alasiri. Nilipomkabidhi maombi ya Chuo cha Reli, aliyasoma akiwa amesimama.

"Wana wakimbiaji wazuri," alisema. "Nimewaona. Lakini Mwanaidi, wafadhili hulitazama kundi zima. Tukiingiza chuo kisicho na jina, watasema kiwango chetu kimeshuka. Mfuko ukipungua, nitawaacha vijana gani wa maabara? Nina watafiti wenye watoto wadogo."

Alikuwa anawalinda watu wake, kama Kabamba alivyokuwa anawapigania wa kwake.

Katika wakimbiaji wa Reli alikuwepo msichana aitwaye Ines. Wazazi wake Warundi, yeye amezaliwa Yeoville, na mama yake alikuwa akiuza samaki wakavu pale sokoni. Alikimbia mita mia nane kwa namna ambayo hata wauza mahindi nje ya uwanja waliacha majiko yao wakaja kutazama. Chuo kimoja kikubwa, mwanachama wa ligi yetu, kikampa ahadi ya ufadhili ahamie kwao: chumba, viatu, daktari, ada yote. Lakini ilibidi ajibu kabla ya kura yetu ya kuwapokea Reli kupigwa. Walijua walichokuwa wanafanya.

Alikuja kwangu nyumbani mchana mmoja, akakataa hata maji.

"Anti, nikikataa nitakuwa mjinga?"

"Wewe unataka nini?"

"Nataka kukimbia mashindano makubwa. Nikibaki Reli na tusiingie kwenye ligi, nitakimbia na nani?" Alivuta uzi kwenye kochi langu. "Lakini kuna Dokta Refilwe. Anachunguza magoti yetu, wasichana tunaokimbia kwenye ardhi ngumu. Mimi ndiye ninayemsaidia kupima. Anasema nina jicho la kazi hiyo. Kule chuo kikubwa niliwauliza kama nitaweza kusaidia maabara, wakaniambia kazi yangu ni kukimbia tu."

"Mama yako anasemaje?"

"Anasema nikikataa nisimwite mama."

Ningeweza kumshauri. Nilikuwa na maneno mdomoni. Lakini kura ilikuwa haijapigwa na mimi nilikuwa katibu wa ligi, ningemwambia abaki kisha mlango ufungwe, ningemtazamaje? Nikamwambia tu ukweli niliokuwa nao, kwamba makocha walikuwa upande wao na maprofesa hawakuwa. Akashukuru, akaondoka. Baadaye nikasikia amekataa ule ufadhili. Mama yake alimnunia, akawa hasemi naye wakiwa meza moja.

Kwa hiyo siku ya kamati ya ligi kwenda kukagua Chuo cha Reli kabla ya kura, nilikwenda nikimfikiria Ines.

Mama Nomvula alinipa kazi ya kuipanga siku hiyo, nami nikaipanga kama harusi. Chakula kwanza: akina mama wa Kikongo walipika sombe, yaani kisamvu, na samaki, na papa, ule ugali wa huku, kwa wale wasiojaribu vitu vipya. Wajumbe walikula wakatulia. Profesa Pretorius aliongeza sombe mara ya pili. Halafu tukaingia ukumbini, Dokta Refilwe aonyeshe utafiti wake. Alikuwa mhadhiri kijana, amevaa koti la kuazima, picha zake zote ziko kwenye kompyuta. Alisema sentensi moja, ya pili ikafika nusu, umeme ukakatika.

Mnaujua mgao wa umeme wa mji huu. Tuliangalia ratiba yake kabla, eneo lile lilikuwa salama. Umeme haukuisoma ratiba.

Ukumbi ule ulikuwa karakana, madirisha yako juu kabisa na machafu. Giza likatanda. Dokta Refilwe alibaki ameweka mkono juu ya mashine iliyozimika. Mjumbe mmoja, naibu makamu mkuu wa kile chuo kilichomtaka Ines, alisema kwa sauti ya upole iliyouma zaidi, "Labda tupange siku nyingine." Sote tulijua siku nyingine haipo, kura ilikuwa wiki ijayo.

Kabamba aliniinamia sikioni. "Mama, tumekufa."

Ndipo Ines, aliyekuwa amekaa nyuma na wenzake, akasimama. "Samahani. Picha zenyewe ni zetu. Sisi wenyewe tupo. Tokeni nje mtuone."

Tukatoka. Njia yao ya kukimbilia ilikuwa ya udongo mwekundu uliogongwa mahali palipokuwa reli, mgumu kama saruji. Wasichana walivua makoti, wakaanza kukimbia. Na Dokta Refilwe, akiwa hana mashine ya kuegemea, akageuka mtu mwingine. Alinyoosha kidole. "Mtazameni yule wa tatu. Goti lake la kushoto linaingia ndani akichoka. Alipoanza kwetu halikuwa hivyo. Sasa mtazameni huyu, tulimbadilishia mazoezi ya nyonga." Alimjua kila mmoja kwa goti lake.

Wakati anaeleza, wanawake wengine walianza kuingia getini. Mmoja alikuwa na sare ya ulinzi, mwingine bado ana aproni ya saluni na vipande vya nywele begani. Walivua viatu, wakajipanga kando.

Profesa Pretorius aliuliza, "Hawa ni nani?"

"Wanafunzi wetu wa zamani," alisema Dokta Refilwe. "Walikimbia hapa. Wanakuja nawapima."

"Wamemaliza chuo? Na bado wanakuja?" Akamgeukia yule mlinzi. "Kwa nini unakuja, dada?"

Yule dada alishangaa kuulizwa. "Naumwa goti nikisimama zamu ndefu. Dokta ananipigia simu kuniuliza. Basi naye akiniita, naja."

Baadaye alinieleza kilichokuwa kikipita kichwani mwake. Maabara yake ilikuwa na mashine zinazopiga picha mfupa ukitembea, hazina mfano. Lakini wanariadha aliowachunguza walikuwa wakipotea wakishamaliza msimu. Hawakupokea simu, walihama, walisahau. Alitaka kujua goti la msichana anayekimbia linakuwaje miaka ikipita, na hakuwahi kumpata mtu wa kumfuata kwa muda huo. Hawa walikuja wenyewe, na viatu mkononi.

Alipiga magoti kwenye udongo ule na suruali yake ya kijivu. Akamwomba yule mlinzi akunje mguu, akatazama, kisha akainua uso kwa Dokta Refilwe.

"Ungekuwa na mashine zangu, ungeuliza swali gani kwanza?"

Swali lile lilikuwa limemkaa Dokta Refilwe moyoni siku nyingi. Alianza kujibu, naye profesa akabisha, naye akambishia, wakawa wanachora kwa kidole kwenye udongo. Wajumbe wengine walisogea kivulini. Umeme ulirudi, taa za karakana zikawaka, hakuna aliyekumbuka kurudi ndani.

Kura ilipigwa wiki iliyofuata, ofisini kwetu. Nililisha watu vizuri mno. Yule naibu makamu mkuu alisema waziwazi kwamba profesa amelainika kwa sababu ya chakula na wasichana wanaokimbia, na kwamba jina la ligi ni mali ya wote, halichezewi. Hakuwa amekosea kila kitu, na wengine walitikisa vichwa kumkubali.

Profesa Pretorius alisimama. Kwa kawaida alisema haraka, siku hiyo alisema polepole.

"Nimekuwa nikiuliza hiki chuo kimeandika nini. Hakijaandika mengi, ni kweli. Lakini nimeona utafiti ambao mimi na mashine zangu zote tumeshindwa kuufanya, na umekwama kwa sababu hauna mashine. Nikiwaacha nje, nitaendelea kuandika makala nzuri kuhusu watu wanaonitoroka. Mimi nawataka ndani. Kama wafadhili watauliza, niachieni mimi niwajibu."

Mikono ilinyanyuliwa. Niliihesabu mara mbili kabla ya kuandika kwenye kumbukumbu. Reli walipita, ila kwa masharti: kwenye michezo wawe wanachama kamili, na kwenye mfuko wa utafiti waingie kwa majaribio, kwa mradi wa pamoja na maabara ya profesa. Nilipompigia simu Kabamba nilidhani atafurahi.

"Majaribio?" alisema. "Batatupima mpaka lini?"

"Mlango umefunguka nusu, baba. Ingieni hivyo hivyo kwa ubavu."

Akacheka. Nikasikia nyuma yake cherehani imesimama, na watu dukani wanauliza kuna nini.

Mwaka wa kwanza haukuwa rahisi. Wafadhili waliuliza maswali mengi, profesa akawajibu kama alivyoahidi, na wengine wakajitoa. Mmoja aliyebaki alipenda ule mradi wa magoti kuliko miradi yote, akauongezea. Reli walishinda mbio za kupokezana kijiti za wanawake na makocha wa vyuo vikubwa wakaanza kuja Troyeville kuuliza bei ya jezi. Ines alikimbia mashindano makubwa aliyoyataka. Hakushinda yote. Halafu goti lake mwenyewe likagoma, na daktari akamwambia apumzike msimu mzima. Niliogopa. Nilidhani atajuta. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta maabara, mguu uko juu ya kiti, anampima mwenzake na kumfokea asitikisike.

Hakurudi kuwa mkimbiaji yule wa zamani. Aliendelea kusoma. Dokta Refilwe alimsimamia, profesa naye akamsimamia, wakigombana juu yake kwa mapenzi kama wazazi wawili. Mimi nilistaafu, Mama Nomvula alikuwa ameshatangulia kustaafu, na ligi imeendelea kupanuka. Vyuo vidogo vinaomba kila mwaka, na swali la kwanza vinaloulizwa siku hizi ni nani anaweza kushirikiana navyo. Sisemi majina makubwa yameacha kutamba. Yanatamba. Lakini mlango una nafasi kuliko nilivyoukuta.

Mwaka huu Ines alitunukiwa udaktari wake. Nilialikwa, nikaketi na mama yake. Mshereheshaji aliomba watu wasipige makofi mpaka majina yote yasomwe, wote wakatii, ukumbi kimya kama wa mtihani. Jina la Ines liliposomwa, mama yake akasimama na kupiga vigelegele kwa sauti iliyopanda mpaka darini. Watu waligeuka. Nami nikajiandaa kuona aibu pamoja naye. Kule mbele, kwenye safu ya maprofesa na majoho yao, mzee mmoja mrefu mwenye mvi alinyanyuka kwa shida akaanza kupiga makofi. Mwingine akasimama, na mwingine, mpaka mshereheshaji akakata tamaa.

Tulipotoka nje, mama yake Ines alinishika mkono.

"Yule muzee murefu aliyesimama wa kwanza ni nani?"

Nikamwambia ndiye yule aliyekuwa hataki chuo chao kiingie.

Alimtazama kwa mbali, profesa akiwa amezungukwa na vijana wanaotaka kupiga naye picha.

"Basi kamwambie Jumapili aje nyumbani," alisema.

Nikaenda nikamwambia. Na alikuja.